Mwanafunzi katika Nyumba ya Mitambo

Mwezi wa Julai ukiingia, na masika yakiwa yamekwisha kitambo, chuo kikuu huanza kupukutisha wanafunzi wake kama mbuyu upukutishavyo majani. Wa sheria huenda mahakamani, wa ualimu huenda madarasani, na wa uhandisi hutawanyika katika viwanda, migodi, karakana na vituo vya umeme, kila mmoja na barua yake ya utambulisho, kofia ngumu aliyoiazima kwa ndugu, na daftari la kumbukumbu ambalo kila ukurasa wake lazima utiwe sahihi. Safari hizo huitwa mafunzo kwa vitendo. Wahandisi wengi wa nchi hii waliopita Dar es Salaam, ambako kitivo cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, wamezipitia, na kila mmoja anacho kisa chake. Jina la mafunzo hayo ni zuri kuliko siku zake za kwanza, kama itakavyoonekana.

Mwaka 2019 msichana mmoja wa mwaka wa pili, aliyesoma uhandisi wa umeme, alipangiwa majuma manane katika kimoja cha vituo vya Mto Pangani. Jina la kituo halitatajwa hapa, wala jina lake mwenyewe, kwa kuwa yatakayosimuliwa hayakukusudiwa kumwaibisha mtu. Lakini mto haufichiki, na hapana haja ya kuuficha. Maji yake hutoka katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, huyaleta katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na hapo huzungusha mitambo ya megawati 8 iliyowekwa mwaka 1968. Kisha mto hushika njia ya kusini-mashariki, ukiyaacha mkono wa kushoto mapande ya milima ya Pare na Usambara. Huko Hale maji yale yale hufanyishwa kazi mara ya pili katika kituo cha megawati 21 kilichojengwa mwaka 1964, na kilometa chache mbele hufanyishwa kazi mara ya tatu katika kituo kipya cha maporomoko ya Pangani, chenye megawati 68, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1990 karibu na kile cha kale cha miaka ya 1930. Baada ya hapo mto huachiwa, ukaenda zake baharini. Ni kibarua wa matajiri wengi: hunywesha migomba, miwa na mpunga, huwapa wavuvi samaki, na bado hudaiwa umeme. Mwaka wa ukame kila tajiri hudai haki yake kwanza.

Msichana aliondoka Dar es Salaam kwa basi la alfajiri, akapita Chalinze, akashukia Segera adhuhuri, na kutoka hapo akapanda gari dogo lililojaa magunia ya machungwa. Alipata chumba kwa mama mmoja mjane aliyeuza bada na samaki wa kukaanga wakati wa jioni. Nyumba ya mama huyo ilikuwa na taa. Nyumba ya bibi yake mzaa mama, huko Handeni, haikuwa nayo kwa miaka yote ya utoto wake, ijapokuwa nyaya nene za njia kuu ya umeme zilipita juu ya shamba la mahindi la bibi huyo tangu kabla ya msichana kuzaliwa. Alipokuwa na umri wa miaka sita au saba aliwahi kuuliza ni kitu gani kinachopita katika nyaya zile. Bibi, ambaye hakuacha kupalilia, alimjibu kuwa ni umeme wa watu wa Dar es Salaam. Jibu hilo lilikaa kichwani mwake muda mrefu, na yamkini lilichangia kumpeleka katika masomo aliyoyachagua kuliko ushauri wa mwalimu yeyote.

Kituo chenyewe hakikufanana na picha aliyoichora moyoni. Juu ya ardhi palikuwa na majengo machache yaliyopakwa rangi ya manjano, uwanja wa transfoma uliozungushiwa wavu, na miembe. Nguvu yote ilikuwa chini. Walioujenga walichimba mwamba wakatia nyumba ya mitambo ndani yake, ili maji yapate kuanguka kwa kina kirefu zaidi. Na mtu ashukapo humo husikia kwanza mtetemo katika nyayo za viatu, kisha mvumo katika kifua, na sauti yenyewe huja mwisho. Hewa ya humo ina joto na harufu ya mafuta. Watu husemezana kwa ishara, au kwa kupigiana kelele sikioni, na waliokaa miaka mingi husema kwa sauti kubwa hata wakiwa nyumbani kwao mezani.

Msimamizi wa zamu aliyokabidhiwa alikuwa fundi aliyekaribia miaka sitini. Aliingia kazini kijana, akachimba mitaro ya nyaya, akapelekwa chuo cha ufundi, akarudi, na hakuondoka tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa chuo kikuu?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Karibu sana. Fagio liko nyuma ya mlango."

Alifagia majuma mawili. Alifuta mafuta yaliyodondoka sakafuni, akapanga spana kwa ukubwa wake, akachemsha chai, akabeba ngazi kutoka mahali hata mahali ili wengine wapate kuipanda. Haya si malalamiko ya mwanafunzi mmoja. Ukiwauliza wahandisi kumi juu ya mafunzo yao ya kwanza, tisa watakutajia fagio. Wako wasemao kuwa huo ni uonevu, na wako wasemao kuwa fagio ndilo humfundisha mtu mahali kila kitu kilipo. Pande zote mbili zina kweli kidogo. Jambo ambalo husahauliwa ni lile daftari la kumbukumbu. Kila jioni ukurasa ulimtaka aeleze alilojifunza, na "nimefagia" si jambo liandikwalo katika daftari la chuo kikuu. Basi aliandika, kwa Kiingereza kizuri, kuwa siku hiyo alichunguza mfumo wa kupoza mafuta, kumbe aliyapangusa mafuta sakafuni; kesho yake akaandika kuwa alisaidia matengenezo ya taa, kumbe alishika ngazi. Wenziwe waliokuwa katika vituo vingine waliandika vivyo hivyo, na waliowatangulia waliandika vivyo hivyo, na wasimamizi walitia sahihi. Uongo wa namna hii ni mdogo na umezoeleka sana, hata hauhesabiwi kuwa uongo. Huhesabiwa kuwa lugha ya ripoti.

Juma la tatu aliitwa aanze kufuata mafundi, na hapo alikutana na taabu ambayo hakuitazamia: hakuwa na maneno. Mambo ya mitambo alifundishwa kwa Kiingereza, na watu wa chini walisema Kiswahili chao wenyewe, kilichotengenezwa humo humo kwa miaka hamsini na zaidi. Mtambo kwao ulikuwa kiumbe. Ulikoroma, ulichoka, ulipandisha homa, ulikataa mzigo. Maji yakipungua walisema mto umefunga. Beringi, shafti, geji, panka na swichi yalikuwa maneno yao kama jembe na shoka yalivyo ya mkulima, wala hapakuwa na aliyekumbuka kuwa yalitoka ugenini. Lililompendeza zaidi ni gavana. Ni kile chombo kinachotawala mwendo wa tabaini, lile gurudumu ligeuzwalo na maji. Siku alipokiuliza, mzee aliweka kikombe chake chini, akasema, "Gavana wa Mwingereza alikaa Dar es Salaam akatawala watu. Huyu hukaa hapa akatawala mwendo. Yule aliondoka na uhuru. Huyu akiondoka, sote twaondoka."

Kisha akamfafanulia, na ufafanuzi wake ulikuwa sahihi kama wa kitabu. Umeme wa gridi lazima upige mizunguko 50 kila sekunde. Jenereta yenye jozi 7 za ncha za sumaku haina budi kuzunguka mara 428 na ushei kwa dakika ili itoe hesabu hiyo. Watu wakiwasha majiko na viwanda vikianza kazi, mzigo huongezeka na mashine hutaka kulegea. Gavana huyafungua malango ya maji kidogo. Watu wakizima, mashine hutaka kukimbia, gavana huyafunga. Mwanafunzi alikuwa amefaulu mtihani juu ya jambo hilo, akachora na grafu zake. Walakini hakuwa amewahi kufikiri kuwa mtu wa Tanga akiwasha pasi, lango la chuma chini ya mwamba husogea.

Mzee naye alikuwa na elimu isiyo katika grafu. Alichukua kipande cha nondo, akaegemeza ncha moja juu ya kifuniko cha beringi na ncha ya pili katika mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Msichana alipojaribu alisikia kelele tupu. Baada ya siku kadhaa alianza kusikia kelele mbili, moja laini ya mafuta na moja kavu ya chuma; na mzee alimwambia kuwa akisikia ya tatu asingoje kuuliza, akimbie. Katika kubadilishana elimu, msichana alimwonyesha mzee hesabu. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000. Ikianguka mita 100 kila sekunde hutoa kilowati 981 kabla ya hasara za mtambo. Mzee aliitazama karatasi kwa muda, akaomba apewe, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Alisema alijua siku zote kuwa kimo cha maji ni mali, lakini hakujua kuwa mali hiyo huhesabika kwa mstari mmoja.

Tangu juma la tano alipewa kazi ya kusoma. Katika kituo hicho kusoma hakukuwa na maana ya vitabu. Ilikuwa ni kwenda kila saa kutazama geji zote na kuandika zisemavyo katika daftari la zamu: mzigo, volti, shinikizo la maji, kimo cha maji mlangoni, joto la mafuta, joto la kila beringi. Geji nyingine zilikuwa katika chumba cha kuongozea mitambo, mbele ya kiti. Kumi na mbili zilikuwa chini kabisa, kando ya shafti ya tabaini, na kuzifikia ilikuwa lazima kushuka ngazi ndefu ya chuma na kuipanda tena. Msichana huyu alikuwa amesoma tangu umri wa miaka saba, kwa maana ile tuliyoizoea. Kwa maana hii ya pili ndipo kwanza anaanza, naye aliona ni kazi nyepesi mno. Namba hazikubadilika. Beringi ya chini ya mtambo wa pili ilisema nyuzi 61 usiku kucha na mchana kutwa. Kengele ilipangwa ilie kwenye nyuzi 70, na mtambo ulipangwa ujizime wenyewe kwenye 75. Basi mwanadamu alitakiwa wa nini?

Usiku wa mambo yenyewe ulikuwa katika juma la sita. Zamu ilianza saa tano usiku. Mchana wake hakulala. Alifua nguo, akamsaidia mama mwenye nyumba kubeba maji, akaandika barua ndefu ya simu kwa rafiki yake aliyekuwa kiwandani Moshi. Huko Usambara ilinyesha mvua isiyo ya majira, Mto Luengera ukaleta maji mekundu na takataka, na msaidizi wa zamu alitumwa juu mtoni kusafisha wavu wa chuma uzuiao taka mlangoni mwa maji. Chini walibaki wawili, mzee na msichana. Alisoma saa sita, akasoma saa saba, akasoma saa nane. Nyuzi 61, 61, 61. Ilipofika saa tisa alisoma geji za chumbani, akautazama mlango wa ngazi, akahisi uzito wa miguu yake. Mzee alikuwa na shughuli upande wa swichi. Msichana akachukua kalamu akajaza safu ya saa tisa yote, nafasi kumi na mbili, kwa namba za saa nane. Katika mbili tatu alibadili kidogo tarakimu ya mwisho ili zisifanane sana. Kubadili huko ndiko kulikomuumiza zaidi baadaye alipokumbuka, kwa sababu mchovu huacha kazi, bali hachongi.

Saa kumi alishuka. Geji ya beringi ya chini ilisema 66. Alifuta kioo kwa mkono wa koti akaitazama upya, ilikuwa 66. Alipanda ngazi mbio, akaandika, akamwita mzee.

Mzee alipitisha kidole katika safu ile: 61, 61, 61, 61, 66. Alisema peke yake, kama mtu apigaye hesabu ya fedha za mwingine, kuwa digrii tano kwa saa moja si mchezo. Beringi ikipanda polepole, huenda maji ya kupozea mafuta yamepungua. Ikipanda ghafla, huenda mafuta yamevuja, au ile metali nyeupe iliyo ndani imeanza kuliwa na shafti. Na hapo kungoja kengele ni kungoja hasara, kwa kuwa kengele hujua mpaka tu, haijui mwendo wa kuuendea. Mtambo usimamishwe. Aliweka mkono juu ya simu ya Ubungo, Dar es Salaam, ambako mzigo wa gridi nzima huongozwa, ili awaarifu kuwa anautoa mtambo wake.

Ilikuwa nafasi ya kunyamaza. Mtambo ungesimama salama, ungefunguliwa asubuhi, ingeonekana sababu nyingine, na watu wangesema heri nusu shari. Namba ya saa tisa haikuwa na shahidi hata mmoja. Gridi ingepungukiwa kwa ghafla na megawati zile, na huenda Ubungo wangelazimika kuzima mtaa fulani mahali fulani. Nani angejua ni kwa ajili ya nini? Msichana alisema baadaye kuwa katika dakika ile hakuwaza juu ya kweli wala uongo. Aliona tu shamba la bibi yake na nyaya zikipita juu yake.

"Mzee," akasema, "ile ya saa tisa sikuisoma."

Mzee hakuinua simu, wala hakuondoa mkono juu yake.

"Uliandika nini?"

"Niliandika ya saa nane."

"Na ya saa nane uliisoma?"

"Niliisoma, mzee."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Ugumu wa jambo ulikuwa hapa. Kama joto lilianza kupanda baada ya saa nane, ilikuwa digrii tano kwa saa mbili, nalo lilielekea kwenye maji ya kupozea. Palikuwa na wasaa wa kushuka na kutazama. Lakini ushahidi wote wa saa nane ulikuwa kinywani mwa mtu ambaye sasa hivi alikiri kuwa ameandika asichokiona. Mzee alilazimika kumwamini mwongo, au kuusimamisha mtambo. Alimtazama usoni kwa muda uliotosha kumfanya ainamishe macho, akaitazama saa ya ukutani, akasema atajipa dakika kumi. Wakashuka.

Chini alitia kwanza kiganja, kisha nondo. Kelele zilikuwa mbili. Alitazama kioo cha mafuta. Yalikuwepo kwa kimo chake. Alitazama shinikizo la maji ya kupozea, nalo lilikuwa limeanguka karibu nusu. Hiyo pia ilikuwa mojawapo ya zile geji kumi na mbili. Lau ingesomwa saa tisa ingalitoa habari mapema. Maji hayo hupita katika chujio mbili zilizowekwa sambamba, moja ikifanya kazi na ya pili ikipumzika. Mzee aligeuza mkono wa chuma, maji yakahamia chujio la pili, na sindano ya geji ikainuka. Wakafungua la kwanza. Ndani mlikuwa na majani yaliyooza, vikonyo na tope jekundu la Usambara, vimeshindiliana kama pamba ndani ya mto wa kulalia. Walisafisha kwa brashi bila kusemezana. Baada ya nusu saa beringi ilisema 64, na jua lilipochomoza ilikuwa imerudi 61.

Kulipotulia, mzee alimwita mezani akamfungulia daftari. Msichana alinyoosha mkono kuchukua kifutio cheupe, kile cha wino. Mzee akakiondoa. Alimwonyesha kupiga mstari mmoja mwembamba, ili kila namba iliyokatwa iendelee kusomeka chini yake. Kisha aandike juu, "Haikusomwa". Kisha saa ya kusahihisha. Kisha jina lake. Safu nzima, nafasi kumi na mbili. Mzee akatia sahihi yake chini ya jina hilo, ingawa kosa halikuwa lake, kwa kuwa zamu ilikuwa yake.

Mhandisi wa kituo aliingia saa mbili asubuhi, akasoma daftari kama ilivyo kawaida, akafika mahali hapo, akauliza maswali mawili matatu ya chujio, akatia sahihi. Hakumkaripia mtu. Mzee naye hakulitaja tena jambo hilo, si kwa dhihaka wala kwa nasaha. Lakini tangu usiku uliofuata, kila msichana alipopanda kutoka chini na namba zake, mzee alishuka ngazi ile ndefu kwa magoti yake ya miaka sitini, akazitazama geji kumi na mbili, akapanda tena. Hakusema kitu. Alifanya hivyo kila saa, siku tano. Msichana angependa kutukanwa kuliko kuisikia ngazi ile ikilia chini ya miguu ya mzee. Usiku wa sita alisoma saa sita, akapanda, akaweka daftari mezani. Mzee akalitazama, akamimina chai, akabaki kitini.

Siku hizo hizo mazungumzo ya mafundi wakati wa chakula yalikuwa juu ya Rufiji. Ujenzi wa bwawa la Julius Nyerere ulikuwa umeanza mwaka huo, na mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja ilikuwa ikitajwa kwa jumla yake, 2,115. Vijana walisema vituo vya Pangani vitakuwa vitoto. Ni kweli kwa hesabu. Mtambo wa kwanza wa Rufiji ulipoingia katika gridi mwaka 2024, peke yake ulizidi maradufu vituo vyote vitatu vya Pangani vikijumlishwa. Mzee aliuliza tu kama huko nako kutakuwa na ngazi.

Juma la nane mhadhiri alikuja kutoka chuoni kukagua. Alikuwa mtu mwema na mwenye haraka, kwa kuwa alikuwa na wanafunzi wengine wa kuwaona Tanga kabla ya jioni. Alilipenda jedwali la joto la beringi ambalo msichana aliliweka katika rasimu ya ripoti yake, na hasa maelezo ya chujio na mvua ya Usambara. Ila aliona nafasi iliyo tupu.

"Saa tisa kuna nini hapa?"

"Haikusomwa, mwalimu."

Mhadhiri alimweleza kuwa jambo hilo halina taabu. Kati ya 61 na 66 katikati yake ni 63 na nusu. Ajaze hiyo, aeleze chini kuwa imekadiriwa, na grafu itapita bila kukatika. Ushauri huo haukuwa na hila. Ni kanuni inayokubaliwa na wataalamu wote, na pengine 63 na nusu ndiyo namba hasa ambayo geji ingeisema usiku ule. Msichana alishukuru, na mhadhiri akaenda zake.

Ripoti ilipofungwa na kupelekwa chuoni mwezi wa Septemba, nafasi ile ilikuwa bado tupu, na mstari wa grafu ulikatika kati ya saa nane na saa kumi. Ilirudi na alama nzuri, na alama ya kuuliza ya wino mwekundu pembezoni. Kurasa za juma la kwanza na la pili za daftari lake la kumbukumbu, zile za mfumo wa kupoza mafuta na matengenezo ya taa, zilikuwa zimekwisha kutiwa sahihi na muhuri, na hazikuguswa. Daftari la zamu lilijaa mwishoni mwa mwaka, likatiwa tarehe mgongoni, likawekwa kabatini pamoja na mengine, na namba kumi na mbili za saa tisa zikiwa zinasomeka chini ya mstari wake.